Kura ya Mwanafunzi Aliye Mbali na Kwao

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaamrisha waja wake kusimamisha ushahidi kwa uadilifu; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi tumeletewa suali na vijana wetu wanaosoma Ukambani. Baadhi yao wako Kwa Vonza, katika Kitui, kwenye Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya; wengine wako Wote na Mtito Andei, katika Makueni. Wote hao ni watoto wa miji yetu hii, Mombasa, Malindi na Lamu, waliokwenda kutafuta ilimu. Wasema hivi: wako miongoni mwao walioandikishwa kura huku kwao, na siku ya kura huenda ikawakuta chuoni, na wako walioandikishwa kule chuoni, wakati maofisa walipokuja na vyombo vyao, na siku ya kura huenda ikawakuta wako nyumbani kwa mapumziko. Jee, wana dhambi wakiiacha kura ikapita? Na jee, yafaa wakichukua nauli kwa mtu anayetaka wamchague?

Haya ni masuali mazuri, na kuulizwa kwake ni dalili ya kheri. Kijana anayeuliza halali na haramu katika jambo la siasa ameshajua kwamba Uislamu haukomei mlangoni mwa msikiti. Twataka tuyajibu yote mawili, kwa kadiri ya ilimu yetu, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Kwanza yatupasa tujue kura ni kitu gani. Watu wengi kwetu huidhania kura kuwa ni ushabiki, mfano wa mchezo wa mpira: huyu wetu, yule wao. Lakini ukiitazama kwa jicho la dini utaona kuwa ina mambo matatu ndani yake. Ni ushahidi, kwani mwenye kura anashuhudia kwamba fulani anafaa kwa kazi fulani. Ni uwakala, kwani anamfanya mtu huyo kuwa msemaji wake. Na ni amana, kwani mali ya watu wote na mambo yao hutiwa mikononi mwa anayechaguliwa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, tuzifikishe amana kwa wanaozistahiki. Na katika Suratul Baqara, aya ya 282 na ya 283, amewakataza mashahidi wasikatae wanapoitwa, na amekhabarisha kwamba mwenye kuuficha ushahidi moyo wake umeingia dhambini. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa amana hupotea vipi, alijibu kuwa ni pale mambo yanapotegemezwa kwa wasiokuwa watu wake. Basi mwenye kuacha jambo likashikwa na asiyefaa, na yeye alikuwa na uwezo wa kusema neno, asidhani kuwa amejiepusha. Naye ameshiriki kwa kunyamaza kwake.

Wako ndugu zetu wengine, nao ni watu wa ibada wala hatuwatukani, wanaosema kuwa kupiga kura ni kuridhia hukumu isiyokuwa ya Mwenyezi Mungu. Twawakumbusha Nabii Yusuf (A.S.). Yeye alikuwa Misri chini ya mfalme asiyekuwa katika dini yake, na juu ya hayo aliomba mwenyewe awekwe juu ya khazina za nchi, kwa kuwa alijijua kuwa ni mlinzi na mjuzi. Na kwa sababu yake watu waliokoka na njaa. Twawakumbusha pia mapatano ya Hilful Fudhul, waliyoyafunga watu wa Makka kabla ya utume, katika nyumba ya Abdalla bin Jud-aan, kwamba watamsaidia kila aliyedhulumiwa. Mtume wetu aliyahudhuria akiwa kijana, na baada ya kuja Uislamu alisema kuwa lau angeitwa kwa mapatano kama yale angeitikia. Waliofunga mapatano yale walikuwa washirikina, lakini jambo lenyewe lilikuwa la haki. Basi kulifuata la haki si kuiuza dini.

Tena tuyaangalie yaliyopita karibu. Tarehe 4 Agosti 2010 nchi hii ilipiga kura ya maoni juu ya Katiba mpya. Moja katika mambo yaliyopingwa kwa nguvu ni kutajwa kwa mahakama za Kadhi ndani yake. Katiba ile ilipita, na mahakama za Kadhi zimo mpaka hivi leo, katika kifungu cha 170. Ndoa zetu, talaka zetu na mirathi yetu hukatwa huko. Jee, lau kila Muislamu siku ile angesema kuwa kura haimhusu, tungekuwa na uso gani wa kulalamika?

Sasa tuje kwenye aliye mbali. Wako wanaodhani kuwa mtu akiwa hayupo, basi hana neno. Sivyo ilivyokuwa kwa watangulizi wetu. Katika mwaka wa sita wa Hijra, masahaba walipompa Mtume ahadi yao chini ya mti, hapo Hudaybiya, Sayyidna Uthman hakuwapo. Alikuwa ametumwa Makka kwa kazi ya Waislamu. Mtume (S.A.W.) hakumwacha nje. Aliupiga mkono wake mmoja juu ya mwengine, akaufanya ule kuwa ni mkono wa Uthman. Ajabu ya mambo ni kwamba huyu aliyewekewa mkono akiwa hayupo ndiye aliyechaguliwa baadaye kuwa Khalifa wa tatu. Na alipochaguliwa, baada ya kufa Sayyidna Umar katika mwaka wa 23, Abdurrahman bin Auf alikesha siku tatu akiuliza rai za watu. Wanahistoria, na Ibn Kathir ni mmoja wao, wameeleza kuwa aliwauliza wakubwa na wadogo, akawafikia wanawake waliokuwa ndani ya majumba yao, akawauliza vijana waliokuwa vyuoni, na akawauliza wasafiri waliokuwa wakiingia Madina.

Tazameni, ndugu zangu! Miaka zaidi ya elfu na mia tatu iliyopita, rai ya mwanafunzi na rai ya msafiri zilitafutwa mpaka zilipo. Nasi leo twamwambia mwanafunzi aliye safarini: wewe soma tu, mambo haya tuachie sisi wazee. Na hao wazee wenyewe wengine siku ya kura huonekana barazani wakinywa kahawa.

Lakini yapasa tuseme ukweli juu ya sheria ya nchi, ili kijana asitegemee jambo lisilokuwapo. Marekani, mwanafunzi anayesoma mbali na jimbo lake aweza kuomba karatasi ya kura, akaletewa kwa posta, akaijaza, akairudisha. Kenya hapana kura ya posta namna hiyo, wala hapana kumwakilisha mtu mwengine akupigie. Aliyeandikishwa katika kituo fulani hupiga kura katika kituo hicho, kwa mwili wake na alama za vidole vyake. Wakenya walioko nje ya nchi wamefunguliwa mlango kidogo: katika mwaka 2013 waliokuwa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi waliweza kupiga kura, na katika mwaka 2022 nchi zilifika 12, zikiwamo Qatar na Muungano wa Falme za Kiarabu, lakini hao humchagua Rais peke yake. Mtoto wa Mombasa aliye Kwa Vonza, ambaye hakuvuka mpaka wowote, hana mlango huo. Ikiwa jina lake liko Mombasa, na mwili wake uko Kitui, basi siku hiyo kura zake zote sita zimekwenda bure: ya Rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mjumbe wa bunge, na ya mwakilishi wa wadi.

Hapana Uthman wa leo atakayewekewa mkono. Mkono wa mwanafunzi ni miguu yake mwenyewe.

Ila sheria imempa njia nyengine, nayo ni kuhamisha jina. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011, katika kifungu cha 7, yamruhusu mwenye kura kuihamisha kutoka eneo moja kwenda jengine, kwa sharti aijulishe Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Na siku ya uchaguzi mkuu haifichiki. Katiba imeiweka kuwa ni Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Ilikuwa tarehe 8 Agosti 2017, ikawa tarehe 9 Agosti 2022. Mwenye akili aweza kuihesabu miaka mitano mbele, kama tunavyohesabu mwandamo wa mwezi. Basi kijana anayesema kuwa siku ya kura ilimjia ghafla, udhuru wake ni dhaifu.

Hapa ndipo penye suali zito: aandikishwe wapi, kwao au chuoni? Vijana wengi husema: "Sisi kule ni wageni, mambo ya Kitui yatuhusu nini?" Twataka tuwarejeshe kwenye fiqhi waliyoisoma madrasa. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukatikiwa na hukumu ya safari. Hana ruhusa tena ya kukusuru Sala. Mwanafunzi anayekaa Kwa Vonza muhula mzima si msafiri, ni mkaazi. Na mafakihi wamemtaja yeye hasa, yule anayekaa mji wa watu kwa kutafuta ilimu na nia yake ni kurudi kwao. Wamesema Sala ya Ijumaa ni wajibu juu yake, ijapokuwa hahesabiwi katika wale watu arubaini wanaoifanya Ijumaa isihi. Angalieni uzuri wa hukumu hii. Hakuambiwa, "Wewe ni mgeni, kaa chumbani." Ameambiwa: njoo, wajibu umekupata, lakini ujue kuwa mji huu unao wenyewe, na wao ndio nguzo zake.

Sisi twaona kuwa adabu hii ndiyo inayofaa katika kura pia. Hatusemi kuwa mafakihi waliizungumza kura, lakini twachukua mazingatio. Mwanafunzi atakayekuwapo chuoni siku ya kura, na anaijua hali ya mahali pale, ahamishe jina lake kule, na wajibu wake autimize. Yeye anajua shida ya maji katika nchi ile kavu ya Yatta. Anajua njia anayopita usiku akitoka maktabani, hospitali anayokwenda akiugua, na nyumba anayopanga. Haya yote yamo mikononi mwa gavana wa Kitui na mwakilishi wa wadi ya Kwavonza/Yatta, si mikononi mwa gavana wa Mombasa. Wala Kitui si nchi ya kigeni kwetu. Kabla ya nusu ya karne ya kumi na tisa, Kivui Mwendwa wa Kitui alikuwa akipeleka misafara ya pembe za ndovu mpaka Mombasa, na tangu hapo watu wa pwani na Wakamba wamekuwa wakiuziana, wakioana na kusali pamoja.

Lakini asisahau nusu ya pili ya hukumu. Mji ule unao wenyewe. Uchaguzi wa wadi huenda ukaamuliwa kwa kura chache, na wanafunzi wakiandikishwa kwa mamia wakampigia mtu wasiyemjua, kwa kuwa tu rafiki zao wamesema, kisha wakamaliza masomo wakaondoka, watakuwa wamewaachia wenyeji mzigo wa miaka mitano. Hiyo ni dhulma kwa jirani, na haki ya jirani mwaijua. Ushahidi hausihi bila ya kujua. Kwa hivyo aulize, asikilize mikutano, azungumze na mama muuza mboga na mzee wa mtaa: ni nani aliyefanya kazi, na ni nani aliyekula? Asitazame dini ya mgombea peke yake wala kabila lake. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tusimamishe uadilifu ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Muislamu mwizi hafai kupewa khazina kwa kuwa anasali.

Ama yule anayejua kuwa siku hiyo atakuwa nyumbani, na moyo wake na mambo yake yako huku, basi na abakie kuandikishwa huku, wala asikubali kuhamishwa kwa kuwa tu ofisa amekuja chuoni na wenzake wamepanga foleni. Kosa la vijana wengi ni hilo: kujiandikisha pale alipokutwa, si pale atakapokuwa. Na asijaribu kujiandikisha mara mbili. Hilo ni kosa katika sheria, na katika dini ni udanganyifu na ushahidi wa uongo.

Sasa suali la nauli. Hili ndilo linalotuumiza roho. Kutoka Mtito Andei mpaka Mombasa ni nusu nzima ya njia ya Nairobi. Na kutoka Kwa Vonza ni mbali zaidi. Mwanafunzi hana pesa. Ikikaribia siku ya kura hutokea mtu akasema: "Basi liko mlangoni, chakula kimo, na kitu kidogo cha mfukoni, nyinyi mkifika mtajua la kufanya." Vijana wanauliza: jee, hiyo si sadaka?

Si sadaka, wanangu. Sadaka haina sharti. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokea rushwa. Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametaja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatasema nao Siku ya Kiama wala hatawatazama. Mmoja wao ni mtu aliyempa kiongozi ahadi yake kwa ajili ya dunia tu, akipewa huridhika, na asipopewa hukasirika. Jee, hii si picha ya muuza kura wa leo? Na sheria ya nchi pia, katika Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016, imeifanya rushwa ya kura kuwa jinai. Yule anayekununua kwa nauli ya siku moja amekwishakupigia hesabu: anajua atazirudisha pesa zake kwa miaka mitano, kutoka katika dawa za hospitali na vitabu vya ndugu zako wadogo.

Lakini lawama yote tusiwatupie vijana. Enyi wazazi, nanyi sikilizeni. Harusi ikiwa Malindi twakodi mabasi mawili, na la tatu la wapigaji ngoma. Pesa hupatikana, na zisipopatikana hukopwa. Jee, mzazi gani kwetu aliyeweka akiba ya nauli ya mtoto wake arudi nyumbani kupiga kura? Tukishindwa sisi kumpa mtoto nauli ya halali, asiyekuwa mwema atampa ya haramu. Na binti zetu walio vyuoni huambiwa kuwa safari hiyo haiwahusu, ilhali wanawake walimpa Mtume ahadi yao wenyewe, na jambo hilo limo katika Suratul Mumtahana, aya ya 12.

Wazee wetu hawakuipata kura hii bure. Waafrika wa Kenya walipochaguana kwa mara ya kwanza, Machi 1957, kura haikuwa ya kila mtu. Ilipimwa kwa masomo, mali na kipato, hata mmoja akawa na kura tatu, na jirani yake hana hata moja. Kura ya kila mtu mzima ilikuja katika uchaguzi wa mwaka 1963. Leo maskini na tajiri wana kura moja moja, nasi twaiuza kwa sahani ya pilau!

Kwa muhtasari, twawausia vijana wetu mambo haya:

La kwanza, kila aliyetimia miaka 18 afuate kitambulisho chake mapema, kwani bila ya kitambulisho au pasipoti ya Kenya hapana kuandikishwa. Twajua kuwa wengi wetu husumbuliwa katika jambo hili. Asichoke, na wazazi wamsindikize.

La pili, aketi na ratiba ya chuo chake, ajiulize kwa nia safi: siku ile nitakuwa wapi? Akishajua, ahamishe jina au aliache, kabla ya zile siku 90, wala asingoje msongamano wa mwisho.

La tatu, alihakiki jina lake katika daftari linapofunguliwa kwa ukaguzi, ajue na kituo chake.

La nne, asimpe mtu kitambulisho chake kukiweka, wala asichukue nauli yenye sharti.

La tano, asali rakaa mbili za istikhara, kisha achague kwa ilimu.

Na sisi tulio wakubwa tuna wajibu wa kudai. Katiba, katika kifungu cha 83, imesema kuwa taratibu za kuandikisha na kupiga kura zimsahilishie raia, wala zisimnyime haki yake. Basi tuwaulize wajumbe wetu: ikiwa aliye Doha amewekewa sanduku, kwa nini aliye Wote asifikiriwe? Kudai kwa adabu na kwa sheria ni katika kuamrisha mema.

Kuna bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga, kisha amtegemee Mungu. Aliambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kijana wangu wa Kwa Vonza, kuliweka jina lako mahali utakapokuwapo, huko ndiko kumfunga ngamia. Likishawekwa, mtegemee Mola wako, ushuhudie kwa haki, na atakayeshinda atashinda. Wewe hutaulizwa ni nani aliyeshinda. Utaulizwa ulishuhudia nini.

Ewe Mola wetu, wahifadhi watoto wetu walio mbali, wape ilimu yenye manufaa na mioyo isiyonunulika. Utupe viongozi wanaokuogopa, na usitusalitishie, kwa madhambi yetu na uvivu wetu, wasiotuhurumia. Amin.

Wabillahi tawfiq.